Kutoka Kakamega Kwenda Kuuona Mji wa Kale wa Mombasa

Katika karne ya 19, safari ndefu zilitoka pwani kuja bara. Misafara ya wafanya biashara Waswahili na Waarabu ilipita nyika na milima hata ikafika kwa Nabongo wa Wanga, mahali ambapo leo ni mji wa Mumias. Walileta nguo na shanga, wakachukua pembe za ndovu. Baadhi yao walikaa, wakaoa, na dini yao ya Kiislamu ikapata mizizi huko Mumias. Basi watu wa pwani walitujua sisi tangu zamani. Je, sisi twawajua wao?

Ni kweli kwamba watu wengi wa Kakamega wamekwenda Mombasa. Baba zetu walifanya kazi ya kupakua mizigo katika bandari ya Kilindini, na wengine wao walishiriki katika mgomo mkubwa wa wafanya kazi wa Januari 1947. Lakini wengi waliishi huko miaka mingi bila kupita mlango wa Ngome ya Yesu hata mara moja. Walidhani ya kuwa kutazama mambo ya kale ni kazi ya wageni wa Ulaya wenye kamera. Mpaka leo mtu akisema kwamba atatumia fedha zake ili kwenda kutazama kuta, jirani zake humcheka. Makala haya yataeleza kwa nini safari hiyo haistahili kuchekwa, na jinsi ya kuifanya vizuri.

MJI ULIO KISIWANI

Mombasa ya asili ni kisiwa. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri aliyezaliwa Tangier, karibu na mlango wa Bahari ya Kati, alifika hapo mwaka 1331. Alisimulia habari za watu wacha Mungu na misikiti yao iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi. Yaani karibu miaka 170 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga hapo, Aprili 1498, Mombasa ilikuwa tayari ni mji wenye desturi zake na biashara yake.

Watu wa Ulaya husafiri mbali ili kuona miji ya kale ya Bahari ya Kati, kama vile Valletta katika kisiwa cha Malta, ambayo ilianza kujengwa mwaka 1566 na imezungukwa na kuta kubwa za vita. Mkenya aweza kuona kazi ya namna hiyo hiyo bila kuvuka mpaka. Wareno walipotaka kujenga ngome Mombasa, ramani yake ilichorwa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, na ujenzi ulianza mwaka 1593.

Mgeni atazame pembe za ngome hiyo, naye ataona kwamba zimetokeza nje kama viwiko vya mikono. Sababu ni hii: ukuta ulionyoka una kasoro, kwani adui akiisha kufika chini yake, askari walio juu hawawezi kumwona. Lakini walio katika pembe iliyotokeza humwona kwa ubavu, wakampiga. Ufundi huo ulivumbuliwa Italia baada ya mizinga kuanza kubomoa kuta za kizamani, nao ukaenea mpaka kwetu.

YALIYOTOKEA NDANI YA KUTA

Hata hivyo ukuta mzuri hautoshi kumlinda mtu asiyependwa na wenyeji. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno wenyewe, aliwaasi akaitwaa ngome. Wareno walirudi mwaka uliofuata. Kisha, Machi 1696, majeshi ya Oman yaliizingira ngome, na vita hivyo vilidumu zaidi ya miaka miwili na nusu. Njaa na maradhi yaliwamaliza waliokuwa ndani, na Desemba 1698 Waomani waliingia. Merikebu moja ya Wareno iliyoleta msaada, jina lake Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichunguza tangu 1977 hata 1980, na baadhi ya vitu walivyovitoa baharini huonyeshwa katika jumba la makumbusho lililo ndani ya ngome.

Tangu mwaka 1895 hata 1958, Serikali ya Kiingereza iliitumia ngome kuwa gereza. Jambo hili msomaji alikumbuke atakapokuwa akipumzika kivulini humo: katika miaka hiyo Waafrika wengi waliingia hapo wakiwa wamefungwa minyororo. Leo mjukuu wa mfungwa aweza kuingia kwa tikiti yake, akatoka apendapo. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiandika ngome hiyo katika orodha ya urithi wa dunia.

Nje ya ngome ndimo ulimo Mji wa Kale, wenye njia nyembamba, milango ya mbao iliyonakshiwa, roshani, na Msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe. Na katika Barabara ya Jomo Kenyatta iko sanamu ya ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa vita vya 1914 hata 1918. Wengi wa wapagazi hao walitoka katika nchi yetu ya magharibi, na hawakurudi. Mtu wa Kakamega asipite hapo bila kusimama kidogo.

JINSI YA KUSAFIRI

Kutoka Kakamega msafiri hupanda basi mpaka Nairobi. Kutoka Nairobi aweza kuendelea kwa basi, au kupanda treni mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Tikiti za treni zanunuliwa mapema, hasa wakati wa likizo za shule, na sharti msafiri awe na kitambulisho chake. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo akumbuke kuweka akiba ya nauli ya kufika mjini.

Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni ya baridi kidogo. Mombasa joto lake ni kali na lenye unyevu. Ni heri kutembea asubuhi au alasiri, kuvaa nguo nyepesi, na kunywa maji mara kwa mara. Miezi ya Aprili na Mei ina mvua nyingi.

Katika ngome kuna kiingilio. Raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni wa nchi za nje, ila aonyeshe kitambulisho. Akitaka kiongozi wa kumweleza habari, amwulize kwanza hati yake ya kazi, na wapatane malipo kabla ya kuanza. Wengi ni watu waaminifu wenye elimu, lakini mapatano yaliyofanywa mapema huondoa ugomvi wa baadaye.

ADABU YA MGENI

Mji wa Kale si makumbusho matupu. Ni maskani ya watu. Kwa hiyo mgeni asichungulie madirishani, wala asipige picha za mtu bila ruhusa. Wanaume kwa wanawake wavae nguo za heshima. Katika mwezi wa Ramadhani si vema kula barabarani mchana. Mzee aamkiwe kwa shikamoo, na msemaji asishangae akisikia Kimvita, ambacho husema "mato" mahali pa "macho".

Tena mgeni asichokoe ukuta wala kuandika jina lake juu yake. Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chumvi ya bahari pamoja na mvua huzila polepole. Kuzitengeneza ni gharama kubwa kwa wenyewe, na nyumba iliyoanguka hairudi. Fedha ambazo mgeni huziacha kwa wauza kahawa, wapishi na mafundi ni sehemu ya msaada wa kuzifanya zisimame.

Sisi nasi twapokea wageni. Huja kuona jiwe linalolia la Ilesi na msitu wetu wa Kakamega. Tungependa watuamkie, waulize kabla ya kuingia, na waondoke bila kuharibu kitu. Basi tufanye vivyo hivyo Mombasa. Na atakayerudi awasimulie watoto wake aliyoyaona, ili wao nao wajue kwamba ngome ile, pamoja na uchungu na fahari yake, ni mali yao pia.