Azania: Himaya iliyojengwa kwa neno, ikabomolewa kwa jembe

JUMAMOSI iliyopita nilikuwa kwa kinyozi mtaani Kaptembwo, mjini Nakuru, nikingoja zamu yangu. Mazungumzo yalianza na bei ya unga, yakapitia siasa, kisha yakafika pale ambapo mazungumzo mengi ya Nakuru huishia: nani alifika hapa kwanza?

“Nyinyi wote ni wageni,” kijana mmoja aliwaambia wenzake. “Kabla ya hawa wote kulikuwa na ufalme moja kubwa sana. Enda Hyrax Hill uone mashimo walikuwa wanaishi. Hao ndio wenyewe.”

Kinyozi alizima mashine akanigeukia. “Mwalimu, si wewe umesoma? Hebu tuambie kama hiyo maneno ni ya ukweli.”

Nilijibu kwa ufupi. Leo najibu kwa urefu, kwa sababu ufalme aliousema kijana yule una historia, ila historia yenyewe ni ya neno, si ya wafalme.

Neno lenyewe ni Azania. Linapatikana katika mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza Baada ya Kristo. Mwandishi wake aliita pwani yetu Azania, na soko lake la mwisho akaliita Rhapta. Hakutaja himaya yoyote yenye mji mkuu na mfalme wa wote. Alisema kila mahali palikuwa na mkubwa wake. Azania, basi, lilikuwa jina la pwani tu, kama tusemavyo leo Mrima au Uswahilini.

Karne nyingi baadaye jina hilo likapata taji. Mnamo 1932 mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh alichapisha riwaya ya kejeli, Black Mischief, kuhusu himaya ya kubuni iitwayo Azania, kisiwa karibu na pwani ya Afrika. Maliki wake, Seth, anarudi kutoka masomoni Oxford akitaka kuigeuza nchi kwa amri. Anapinduliwa na kuuawa, na kisiwa kinaishia mikononi mwa wakoloni. Hiyo ni riwaya, na hakuna msomaji aliyefunga safari kwenda kukitafuta kisiwa hicho.

Mwaka uliofuata, 1933, G.W.B. Huntingford alichapisha makala ya kitaaluma katika jarida la Antiquity kuhusu kile alichokiita ustaarabu wa Kiazania wa Kenya. Safari hii haikuwa riwaya. Alitazama mashimo ya duara yaliyotapakaa katika nyanda za juu za magharibi na Bonde la Ufa, pamoja na kazi za mawe, akayahusisha na taifa moja la kale lililokuwa na ustadi kisha likatoweka. Himaya ikasimama, na tofali lake la kwanza lilikuwa jina lililoazimwa pwani.

Kwa nini wasomi wa enzi hiyo walihitaji taifa lililotoweka? Kwa sababu wengi wao waliamini kwamba kila kitu cha maana barani Afrika kililetwa na watu kutoka nje. C.G. Seligman alilieneza wazo hilo katika kitabu chake cha 1930 kuhusu mbari za Afrika, akiwapa sifa watu aliowaita Wahamu. Huko Zimbabwe Kuu vilevile, wazungu walitaja Wafoinike na Malkia wa Sheba, hata baada ya Gertrude Caton-Thompson kuchimba mwaka 1929 na kuonyesha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika.

Hapa lugha yetu nayo ina la kujibu. Tunatafsiri dhana hiyo ya Huntingford kwa neno ‘ustaarabu’, ambalo kwa asili ya Kiarabu lina maana ya kuwa kama Mwarabu. Tukilikwepa, tunakimbilia ‘utamaduni’, ambalo lina mzizi mmoja na ‘madina’, yaani mji. Kwa mizani ya maneno haya mawili, mfugaji asiye Mwarabu na asiye na mji hana chake. Akiacha alama kubwa ardhini, tunaona heri kumbunia mtu mwingine aliyeiacha.

Azania ya Bonde la Ufa haikuangushwa na jeshi. Iliangushwa na jembe la wanaakiolojia. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill kati ya 1937 na 1938. Baadaye John Sutton alizunguka nyanda za juu za magharibi akichunguza mashimo hayo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1973. Alionyesha kwamba mashimo hayakuwa nyumba. Yalikuwa mazizi ya ng'ombe, yaliyochimbwa ubavuni mwa mlima, mlango ukielekea mteremkoni, na nyumba ya watu ikiwa imeshikana na zizi. Nje ya mlango palirundikwa samadi na matope yaliyozolewa zizini.

Masimulizi ya Wakalenjin huwaita wachimbaji hao Sirikwa. Walikuwa wafugaji, na mazizi yao yalitumika kwa karne kadhaa kuanzia takriban 1200. Kisha mtindo wa kufuga ukabadilika na mazizi ya aina hiyo yakaachwa. Lakini kuachwa kwa mazizi si kufa kwa watu. Kwa maelezo ya Sutton, kizazi chao hakikuyeyuka hewani. Kimo miongoni mwa Wakalenjin na jamii nyingine zilizochanganyika nao.

Kwa hivyo kijana wa Kaptembwo alikuwa na nusu ya ukweli. Mashimo yapo, na waliotangulia walikuwako. Lisilokuwako ni ufalme, na lisilokuwako zaidi ni taifa safi la ‘wenyewe’ lililotoweka lote likaacha hatimiliki.

Ardhi yetu inasema hivyohivyo kwa majina. Nakuru ni neno la Kimaasai linalohusishwa na vumbi. ‘Kap’ katika Kaptembwo ni mwanzo wa majina mengi ya Kikalenjin, wenye maana ya kwao au nyumbani kwa fulani, kama katika Kapsabet. Na wanaoishi humo leo wanasalimiana kwa Kiswahili cha lafudhi kumi. Jina hutuambia nani alipita. Halituambii nani afukuzwe.

Nasema hivi kwa sababu swali la ‘nani wa kwanza’ si la kupitisha wakati tu. Mnamo Januari 2008 mtaa huu uliona majirani wakigeukiana, nyumba zikichomwa, na watu wakihama na magodoro kichwani. Neno ‘wageni’ lilitangulia moto.

Nimalizie na maneno matatu ambayo wanafunzi huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja. ‘Milki’ hutilia mkazo kumiliki. ‘Himaya’ asili yake ni ulinzi, ndiyo maana twasema mtoto yu katika himaya ya mjomba wake. ‘Dola’ latokana na neno la Kiarabu ambalo maana yake ya awali ni zamu: leo kwako, kesho kwa mwenzio. Waarabu walipoita utawala kwa neno hilo, kupanda na kushuka kulikuwa tayari ndani yake.

Nilipowaeleza haya kwa kifupi, kinyozi alicheka akawasha mashine. “Kumbe dola ni kama hapa kwangu,” akasema. “Ni zamu tu. Haya Mwalimu, keti, ni yako.”