Jina juu ya mlango: bango la duka lako linamwambia nini mpita njia?

Ukitoka Mbinga mjini kushuka Mbamba Bay, utakutana na maneno haya juu ya milango mingi: Duka la Dawa Muhimu. Tumeyazoea kiasi kwamba hatuyaoni tena. Lakini maneno hayo yalianzia hapa hapa Ruvuma. Mwaka 2003 mkoa wetu ulikuwa wa kwanza kujaribu mpango huo, chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Kabla ya hapo vijijini kulikuwa na maduka ya dawa baridi, na mgonjwa hakuwa na njia ya kujua kwa macho ni lipi lina muuzaji aliyefundishwa. Mpango ukaleta mafunzo, ukaguzi, orodha ya dawa zinazoruhusiwa, na jina moja lenye alama moja ya kuonekana nje. Baadaye ukaenea nchi nzima.

Mama mwenye mtoto mwenye homa alijua aingie wapi, na alichokikuta ndani kikamfanya aliamini jina lile siku nyingine. Mwenye mgahawa, fundi cherehani au muuza pembejeo naye anatafuta hicho hicho: mtu akumbuke jina, arudi, na amtume jirani.

Sasa tazama kuta za maduka yetu. Nyingi zimepakwa rangi za kampuni za simu au za soda. Rangi inaletwa bure, ukuta unapendeza, na mwenye duka anafurahi. Kisha mtoto anatumwa sukari "kwenye lile duka jekundu", anakuta yako matatu. Jina la duka limebanwa pembeni, dogo, chini ya nembo ya watu wengine.

Huna haja ya kuwafukuza. Ukuta ni wako, kwa hiyo zungumza nao: jina lako likae juu, kwa herufi kubwa, na mkubaliane rangi hiyo itakaa muda gani. Jambo moja lipate maandishi kabisa, nani atalipa ada ya bango. Ada hiyo huhesabiwa kwa ukubwa wa bango, na ni wewe utakayekutwa dukani siku ya kudaiwa. Uliza kwenye halmashauri yako, iwe ya Mji Mbinga, Wilaya ya Mbinga au Nyasa, kabla fundi hajafungua kopo la rangi.

Kuhusu herufi, wachora mabango wana kipimo chepesi: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5. Anayekutazama kutoka mita 30 anahitaji herufi ya sentimita 25, pungufu kidogo ya rula ya shule. Tangu lami ifike Mbamba Bay, vyombo vinapita kwa kasi. Bodaboda iliyo kwenye kilomita 50 kwa saa inakata karibu mita 14 kila sekunde, yaani ana sekunde mbili tu za kukusoma. Jina na kazi yako vinatosha. Ile orodha ya mchele, unga, vocha na sabuni iandike karibu na mlango, aisome aliyekwisha kusimama.

Picha nayo isidharauliwe. Samaki mmoja aliyechorwa vizuri anamwita hata asiyejua kusoma. Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mkoani kwetu, alijenga jina lake mjini Dar es Salaam kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya hadibodi, na vifaa hivyo si vigeni kwa fundi wa mabango.

Rangi nyekundu hupauka upesi juani. Maandishi meusi juu ya njano, au meupe juu ya buluu iliyokoza, husomeka mbali. Bati lipigwe msasa na kupakwa rangi ya kutangulia, la sivyo mvua moja ya masika itaanza kulibambua. Mabango ya turubai ni nafuu, ila kule ziwani upepo huyachana.

Angalia pia unaposimika nguzo. Kwenye barabara zinazosimamiwa na TANROADS, hifadhi ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande, na bango ndani ya eneo hilo linahitaji kibali chao. Bila kibali litang'olewa, na gharama ni yako.

Jina lenyewe lisajili BRELA, maana mwingine anaweza kukutangulia. Halafu hakikisha lipa namba yako inaonyesha jina lile lile. Kama bango linasema hivi na simu ya mteja inaonyesha jina la shemeji yako, mgeni atasita kubonyeza namba ya siri, akidhani ni matapeli. Mavuno ya kahawa yakianza mwezi Juni, wageni hao huwa wengi mjini, na mafundi wa mabango nao huwa hawashikiki.