Mchore Popo Upate Kumjua

Watu wengi husema ya kuwa popo si ndege wala si mnyama. Wako pia wasemao kwamba ni panya aliyeota mabawa, tena kipofu. Maneno hayo si kweli. Popo ni mnyama kamili: ana manyoya laini, huzaa, na hunyonyesha mtoto wake. Wala si jamaa ya panya. Duniani ziko aina zaidi ya 1,400 za popo, na hapa Kenya ziko karibu 100. Njia njema ya kumjua ni kumchora. Basi, ndugu mkulima, twaa penseli na karatasi, keti na watoto wako, mfuate mashauri haya.

ANZA NA MKONO WAKO

Usimshike popo ili umchore; mkono wako mwenyewe watosha. Uweke juu ya karatasi, tandaza vidole, kisha uzungushe penseli. Hapo umeanza bawa la popo, kwa sababu bawa lake ni mkono. Kidole gumba kiache kiwe kifupi, ukitie ukucha uliopindika. Popo hukitumia kupandia. Vidole vinne vingine virefushe sana, hasa kile cha kati, maana ndicho kifikacho ncha ya bawa. Sasa chora ngozi nyembamba kutoka kidole hata kidole, kama kitambaa cha mwavuli kinavyoshikwa na vyuma vyake, uishushe ubavuni mpaka kifundo cha mguu.

Magoti yachore yakielekea nyuma, si mbele kama yako. Kila mguu utie kucha tano. Popo akining'inia kichwa chini, uzito wa mwili wake huvuta mishipa, na kucha hujifunga zenyewe. Ndiyo sababu hulala bila kuanguka.

NAMNA MBILI ZA POPO

Kabla ya kuchora kichwa, amua unachora popo yupi. Popo wakubwa walao matunda wana uso kama wa mbwa, macho makubwa na masikio ya kadiri. Wengi wao wana ukucha katika kidole cha pili pia. Hawa hutafuta chakula kwa macho na pua.

Popo wadogo walao wadudu wana macho madogo, na wengi wana masikio makubwa. Wengine wana ngozi kama jani juu ya pua. Hupiga sauti nyembamba mno ambayo sisi hatuwezi kuisikia. Sauti ikimgonga mdudu hurudi kama mwangwi, na popo hujua mdudu yuko wapi hata gizani.

FAIDA YAKE SHAMBANI

Popo mla wadudu aweza kula karibu nusu ya uzito wake kwa usiku mmoja. Miongoni mwa chakula chake wamo nondo, na nondo ndio wazazi wa viwavi wanaoharibu mahindi. Popo hawezi kumaliza viwavi vyote, lakini nondo aliyeliwa usiku huu hatataga mayai kesho. Popo wa matunda nao hupeleka unga wa maua kutoka mbuyu hata mbuyu, kwa maana ua la mbuyu hufunguka jioni. Kadhalika hutawanya mbegu za mvule na mikuyu.

Ni kweli kwamba hula maembe. Dawa yake si sumu wala moto. Chuma maembe yakisha kukomaa, kabla hayajaiva mtini. Mti mfupi waweza kuufunika kwa wavu, lakini uukaze vizuri, usije ukanasa popo na ndege.

Kumbuka ya kuwa popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kila mara. Panya wakipunguzwa, baada ya miezi michache wamejaa tena, popo sivyo. Moto mmoja katika pango waweza kuangamiza kundi ambalo halitarudi kwa miaka mingi.

JIHADHARI

Popo wengine hubeba magonjwa. Mwaka 1980 na tena mwaka 1987, mtu aliyekuwa amezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon aliugua ugonjwa wa Marburg akafa. Virusi vya ugonjwa huo hukaa katika aina ya popo wa matunda walalao mapangoni. Kwa hiyo:

1. Usiingie katika mapango ya popo, wala usiruhusu watoto kucheza humo.
2. Usimshike popo kwa mkono mtupu, awe hai au amekufa.
3. Tunda lililoumwa na popo usile.
4. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, uende hospitali siku ile ile, kwa kuwa yawezekana ni kichaa cha mbwa.
5. Wakikaa darini kwako, ngoja mpaka watoto wao waweze kuruka. Kisha ziba matundu usiku, wote wakisha kutoka.

Picha ikiisha, itundike ukutani. Jirani akija na kibiriti kutaka kuchoma mti wa popo, mwonyeshe mkono ule wenye vidole vitano, umweleze kazi yake.