Fahamu: Ubongo wa abiria wa bodaboda

Aangukapo abiria wa bodaboda katika Barabara ya Kilwa, huko Temeke, akafikishwa MOI, taasisi ya Muhimbili itibuyo mifupa na ubongo, tabibu, akisha kuhakikisha kwamba majeruhi anavuta pumzi, hutazama kama anafumbua macho, anajibu kwa kauli sahihi, na anatii aambiwapo ainue mkono.

Kauli na utii huo vyategemea ubongo mkubwa, uliogawanyika nusu mbili, kila nusu ikitawala upande wa pili wa mwili. Sehemu ya mbele ina tadbiri, subira na haya. Ya kisogoni hupokea yaonwayo. Za ubavuni husikia na kuhifadhi. Katika miaka ya 1860 tabibu Paul Broca wa Ufaransa alionyesha kuwa ufasaha wa kusema una makao upande wa kushoto, mbele. Ndiyo maana mzee aliyepatwa na kiharusi huenda akafahamu yote aambiwayo, asiweze kutamka jina la mwanawe.

Ubongo mdogo, nyuma kwa chini, hushika mizani ya mwendo: mlevi hupepesuka kwa sababu pombe huuvuruga.

Lakini la hatari zaidi ni shina la ubongo, lenye unene kama wa kidole gumba, liendeshalo pumzi na mapigo ya moyo. Damu ikivuja ndani ya fuvu lisilotanuka, ubongo husukumwa chini ukalibana shina hilo; hapo wapasuaji hutoboa mfupa upesi, damu itoke.