Mgeni Amekuja na Jembe Lake

Mtu apitaye siku hizi katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, hasa Paje na Jambiani, hakosi kuona jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Mgeni amekaa barazani tangu asubuhi, kompyuta ya mapajani i wazi mbele yake, wala haendi kuogelea, wala hapigi picha. Huyu si mtalii kwa maana tuliyoizoea. Yuko kazini. Mwajiri wake yuko Ulaya au Marekani. Au pengine hana mwajiri kabisa, bali ni fundi wa kujitegemea, atungaye programu ndogo ndogo na kuziuza ulimwenguni kote kwa njia ya intaneti.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu ametutangulia, kwani jembe lake amekuja nalo mkobani. Walakini shamba analolilima haliko hapa. Ndipo linapozuka suala ambalo safu hii inapenda kulichambua leo mbele ya wananchi na mbele ya wakuu wa serikali: je, sisi wa Visiwani tutabaki kuwa wenye kukodisha vyumba na kupika chai, au nasi tutaushika mpini wa jembe hilo?

Kwanza tumfahamu mgeni wetu. Kusafiri na kazi yako si jambo geni kwa watu wa mwambao. Karne nyingi wafanyabiashara na mafundi walishuka na kaskazi, wakakaa nasi miezi kadhaa wakinunua na kuuza, kisha wakaondoka na kusi. Jipya ni chombo. Mwaka 1997 mhandisi wa Kijapani, Tsugio Makimoto, pamoja na mwandishi wa habari wa Kiingereza, David Manners, walitoa kitabu chenye kubashiri kwamba mitambo ya mawasiliano itakapokuwa midogo na ya bei nafuu, binadamu ataweza tena kuishi maisha ya kuhamahama bila ya kuiacha kazi yake. Wakati ule wengi waliona ni ndoto. Leo ndoto hiyo imekaa barazani Paje.

Miongoni mwa mafundi wa namna hii, anayejulikana sana ni Mholanzi mmoja aitwaye Pieter Levels. Tunamtaja si kwa kumtukuza, bali kwa kuwa ameieleza kazi yake hadharani hatua kwa hatua, na kwa hiyo inafaa kusomwa kama somo. Alipokuwa mwanafunzi alikuwa akitengeneza muziki wa mitambo na kuurusha katika intaneti, akapata fedha kidogo za matangazo. Mwaka 2013 aliuza vitu vyake akaenda Asia, akakaa Thailand na kwingineko. Fedha za muziki zikapungua, upweke ukamlemea, naye akarudi nyumbani kwa wazazi wake. Mwaka 2014 akajiwekea ahadi mbele ya watu: kutoa kazi mpya moja kila mwezi, kwa muda wa miezi kumi na miwili.

Katika mwaka huo huo moja ya kazi hizo ilishika. Asili yake ilikuwa jedwali tu. Levels alitaka kujua ni mji gani unamfaa msafiri afanyaye kazi: gharama za maisha ni kiasi gani, intaneti ina kasi gani, hali ya hewa ikoje, usalama ukoje. Alianza kuandika majibu katika jedwali, akaliacha wazi katika intaneti, na wasafiri wengine wakalijaza kwa yale waliyoyajua wao. Jedwali hilo likazaa tovuti ya Nomad List, ambayo baadaye ilianza kutoza ada kwa wanachama. Mwaka 2015 akaongeza Remote OK, ubao wa matangazo ya kazi zinazoweza kufanywa ukiwa popote. Hakukopa mtaji kwa matajiri, hakufungua ofisi, wala hakuajiri kundi la makarani.

Na zana zake? Hapa ndipo kijana wetu anapopaswa kutega sikio. Zana za Levels ni za kawaida na hazina bei. Lugha ya PHP, ambayo ndiyo kiini cha kazi zake, ilibuniwa na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa kisiwa cha Greenland, na kutolewa kwa umma mwaka 1995. Hazina yake ya kumbukumbu ni SQLite, iliyotungwa na Mmarekani Richard Hipp mwaka 2000 na kuachwa iwe mali ya watu wote. Mwanafunzi wa Wete au Chake Chake mwenye kompyuta kuukuu anaweza kuzipata zote mbili bila ya kulipa hata senti. Hata milango ya maduka makubwa ya programu za simu haigharimu mamilioni: Google humtoza mtunzi dola 25 mara moja tu, na Apple dola 99 kila mwaka. Kisha maduka hayo hukata ushuru wao katika mauzo, nao tangu mwaka 2021 ni asilimia 15 kwa mtunzi mdogo, badala ya 30.

Hata hivyo, haitakuwa haki kumdanganya kijana kwamba njia hii imetandikwa zulia. Levels mwenyewe alikiri hadharani mwaka 2021 kwamba katika kazi zaidi ya 70 alizowahi kuzitoa, ni nne tu zilizoleta fedha na kukua. Mvuvi anayerudi patupu mara nyingi kiasi hicho anahitaji mahali pa kulala na chakula cha jioni. Levels alikuwa na nyumba ya wazazi ya kurejea katika nchi tajiri, na mkononi alikuwa na pasi ya Uholanzi ambayo hufungua milango mingi bila ya viza. Kijana wa Micheweni hana pasi ya namna hiyo. Akitaka kuhamahama kama yule, atasimama katika foleni za balozi. Kwa hiyo tusiige mwendo wa Levels. Tuige ufundi wake: kuona haja ndogo iliyo mbele ya macho, kuitafutia dawa kwa haraka, kuitoa mbele ya watu, na kutoona haya kutoza bei.

Na haja hizo ziko hapa kwetu. Miezi michache iliyopita kijana mmoja wa Kusini alinifuata baada ya sala ya alasiri. Alinisalimu, "Shikamoo, maalim," kisha akanionyesha simu yake. Alikuwa ametunga programu ndogo kwa ajili ya wageni na wenyeji wa kijijini kwao: inaonyesha maji yatajaa saa ngapi na yatakupwa saa ngapi, bamvua ni lini na maji mafu ni lini, na gari la mwisho la kwenda mjini linaondoka saa ngapi. Jambo dogo, lakini mwenye kuijua pwani ya mashariki anaelewa uzito wake. Mgeni asiyejua maji hufika ufukweni akakuta bahari imekwenda zake hadi mwambani. Mama wa mwani naye, bamvua ikimpita, amekosa siku zake za kushuka shambani. Programu moja ingewafaa wote wawili, mgeni akalipa, na mama akaitumia bure.

Nikamwuliza mbona haijaenea. Akanijibu kwa upole, "Maalim, nimekwama kwenye mambo mawili." La kwanza, alikwenda katika ofisi moja kuomba jedwali la maji la mwaka mzima pamoja na ratiba za vyombo vya kwenda Pemba. Aliambiwa aandike barua. Akaandika. Akaambiwa mhusika yuko safarini. Alirudi mara tatu, kisha akachoka. La pili, mgeni mmoja alipenda kumlipa akiwa ameshafika kwao Ulaya, na ikawa hapana njia rahisi ya kuifikisha fedha hiyo ndogo mikononi mwa kijana bila ya kuliwa na gharama za kuituma. Levels na wenzake hupokea malipo kwa mfumo wa Stripe, kazi ya ndugu wawili wa Ireland. Lakini huduma hiyo haikuenea kila nchi, na nchi nyingi za Afrika zimeachwa nje ya mlango wake.

Wakuu wetu, hapa pana funzo lisilohitaji bajeti kubwa. Utajiri wa kwanza wa Levels ulikuwa jedwali lililo wazi. Majedwali ya namna ile yamejaa katika makabati ya ofisi zetu: nyakati za maji, ratiba za meli, nauli za magari, saa za vituo vya afya, orodha ya nyumba za wageni zilizosajiliwa. Si siri za dola. Ni habari za umma ambazo zikifungiwa hazimfai mtu, na zikitolewa kwa utaratibu mzuri, kijana ataziongezea kazi ya akili yake na kuzifanya riziki. Afisa anayemwambia kijana arudi kesho adhani ameahirisha barua moja tu. Kumbe amelifunga duka kabla halijafunguliwa.

Upande wa malipo nao hauna miujiza. Mwananchi wa Tanzania amezoea kutuma fedha kwa simu tangu mwaka 2008, na hakuna mkulima wa karafuu asiyejua namna inavyofanywa. Kilichobaki ni kuiunganisha mifuko hii ya simu na mifuko ya ng'ambo kwa gharama ambazo hazimli mtu mdogo. Hilo ni jukumu la mabenki, makampuni ya simu na wasimamizi wao, na inafaa walitende kwa kumfikiria mwenye kudai dola tatu, si mwenye kudai laki tatu peke yake.

Kisha kuna msingi wa yote, nao ni umeme na waya wa mawasiliano. Wazanzibari hawajasahau giza la mwaka 2008, lililodumu karibu mwezi mzima, wala lile la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokatikiwa na umeme utokao Bara. Waya mpya wa megawati 100 uliofika Fumba mwaka 2013 ulikuwa faraja kubwa. Kwa fundi wa programu, umeme ni kama upepo kwa jahazi: pakiwa shwari, tanga zuri halimfikishi mahali.

Sasa turejee kwa mgeni. Visiwa vingine vimekwisha kumwekea utaratibu. Barbados, mwezi wa Julai 2020, ilianzisha kibali cha kukaa na kufanya kazi miezi 12 kwa ada ya dola 2,000 kwa mtu mmoja, kwa sharti awe na kipato cha dola 50,000 kwa mwaka. Mauritius, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, ilitoa viza ya mwaka mmoja bila ya ada katika mwaka huo huo. Katika kisiwa cha Madeira, mji mdogo wa Ponta do Sol uliwakaribisha mafundi hawa mwezi wa Februari 2021, wakapewa meza na intaneti bila ya malipo katika kituo cha utamaduni. Kenya nayo ilitangaza kibali chake mwaka 2024.

Faida ipo, na hasara ipo. Mgeni akaaye miezi mitatu hununua samaki sokoni, hupanga nyumba, humwita fundi bomba. Lakini mtu mwenye kipato cha Amsterdam akipanga nyumba kijijini, bei ya kodi hufuata mfuko wake, si mfuko wa mwalimu wa skuli ya kijiji. Mwaka 2023 wenyeji wa Lisbon waliandamana barabarani kulalamikia kodi za nyumba, na wageni wa aina hii walikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Anayesubiri mpaka mwalimu, muuguzi na mvuvi wahamishwe pwani ndipo atunge sheria, amechelewa.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba mgeni apokewe kwa heshima iliyo desturi yetu, na siku ya tatu apewe jembe kweli kweli. Kibali kikitolewa, kiambatane na wajibu mdogo: saa chache kila mwezi katika darasa la skuli ya sekondari au chuo kikuu chetu, akae na vijana, awaonyeshe namna kazi inavyotungwa, inavyotolewa na inavyotozwa bei. Wengi wao watafurahi, kwani upweke ndio ugonjwa wa mahamahama hawa, na Levels mwenyewe hakuuficha. Hivyo mgeni atapata jamaa, na kijana atapata mwalimu.

Na kwa vijana wenyewe: msingoje mtaji, wala msingoje safari. Yule kijana wa Kusini hakuhitaji kuvuka bahari ili aone haja ya msafiri. Msafiri alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwake. Anachohitaji sasa ni jedwali la maji, njia ya kulipwa, na afisa mmoja wa kumwambia, "Karibu, kaa kitako, shida yako nini?" Nilipoagana naye nilimwahidi kuliandika jambo hili. Nimeliandika. Waliobaki na zamu ni wenye funguo za makabati.