Unataka pikipiki kubwa ya kupelekea mizigo? Pima mguu wako kwanza

Leo siongelei picha za bidhaa wala bei za jumla. Naongea na wewe unayeuza mtandaoni, wateja wako wapo vijijini na machimboni, umechoka kumlipa bodaboda kila siku, na sasa umeona tangazo la pikipiki kubwa. Zile ndefu, tairi zina meno, madigadi ya mbele ipo juu, cc 400 mpaka 650. Umeipenda. Unajiambia nikipata chuma hiki lami napita, porini napita, hakuna mteja atakayenishinda kwa umbali.

Na hapo hujawahi kumiliki pikipiki. Umeendesha Boxer ya shemeji yako mara mbili tatu, basi.

Mimi nipo Didia, hii njia ya Shinyanga kwenda Tinde. Nauza viatu, vitenge, taa za sola na spika ndogo, wateja wengi nawapata WhatsApp na Facebook. Wengine wapo vijiji vya hapa jirani, wengine Mwakitolyo kwa wachimbaji wadogo, wengine Kakola, wengine mbali kabisa Nyarugusu na Katoro, upande wa Geita. Mwaka jana mwezi wa tatu nililetewa Kawasaki KLR 650. Mwenye nayo alikuwa mgeni anayemaliza mkataba wake mgodini, pikipiki imetunzwa vizuri, na kwa bei aliyotaja ningeweza kununua Boxer mbili mpya. Hela nilikuwa nayo. Shida ni kwamba ndiyo ilikuwa hela ya mzigo wa msimu wa pamba. Mnaoishi huku mnaelewa: mwezi wa tano pamba ikianza kununuliwa, mtu ambaye hajanunua kiatu mwaka mzima anachukua cha kwake, cha mke wake na cha watoto wote. Ukifika msimu huo duka lako tupu, imekula kwako mpaka mwakani.

Kwa hiyo sikuichukulia kama kuchagua pikipiki tu. Niliomba siku nne za kufikiria, nikaanza kuuliza na kusoma.

Hizi pikipiki za lami na porini sio ngeni kwetu. DT 125 ya Yamaha ambayo bwana shamba alikuwa anakuja nayo kijijini ni mtoto wa DT-1, pikipiki ya cc 250 iliyotoka mwaka 1968 na kuwafanya watu wengi duniani waanze kununua pikipiki moja ya kazi mbili. XL 125 ya Honda ni ukoo huo huo, tumeziona kwa watu wa afya na wa miradi. Ukubwa ulikuja baadaye. Mashindano ya Paris–Dakar ya kwanza, yale yaliyoanza mwishoni mwa 1978, kwa pikipiki yalishindwa na Mfaransa Cyril Neveu akiwa na Yamaha XT 500. Mwaka 1980 BMW wakatoa R80 G/S yenye karibu cc 800. Kuanzia hapo watu wakaona kwamba ya kuvuka jangwa lazima iwe kubwa.

Sasa sikia hii. Mwaka 2004 waigizaji wawili, Ewan McGregor na Charley Boorman, walizunguka dunia na BMW za cc 1,150, wakiwa na mpiga picha wao kwenye nyingine kama hizo. Kufika Mongolia, kwenye tope na mito, zile pikipiki zilikuwa zinaanguka na kunyanyuliwa, zinaanguka na kunyanyuliwa. Ya mpiga picha ikakatika fremu. Wakaipandisha kwenye lori, na yeye akanunuliwa pikipiki ndogo ya Kirusi, Izh Planeta, ya bei ndogo tu, akaendelea na safari. Hao ni watu waliokuwa na hela na gari za kuwasaidia. Mimi na wewe nani atatupakilia kwenye lori?

Turudi kwenye biashara. Kilichokuwa kinanivuta kwenye 650 ni umbali: Kakola mbali, Nyarugusu mbali zaidi. Nikachukua daftari langu la mizigo nikaangalia mizigo ya mbali inaendaje. Karibu yote inaenda na basi. Napeleka stendi, naandika jina na namba ya simu kwenye boksi, nalipia, mteja anapokea kwake. Hata ningekuwa na pikipiki ya cc 1,000 nisingeenda Nyarugusu kupeleka jozi tatu za raba, mafuta tu yangekula faida yote. KLR inakunywa lita moja kwa kilomita 20 hivi, wakati Boxer kwa lita hiyo hiyo inafika mara mbili yake. Basi linabeba umbali. Kazi inayobaki kwa pikipiki ni ile ya kutoka hapa kwenda kijiji ambacho basi halifiki, kupita kichanga, korongo na mbuga, mtu mmoja na boksi nyuma. Na kwenye kazi hiyo uzito ni adui.

Nenda kapime mguu wako. Simama ukutani bila viatu, weka kitabu katikati ya miguu kama vile umekalia siti, pima kutoka kitabu mpaka chini. Mimi ni mfupi, nilipata sentimita 72. Siti ya KLR ipo juu sentimita 89. Ukikaa inashuka kidogo kwa sababu shokapu zinabonyea, ila kwangu mimi ni kugusa ardhi kwa ncha ya kidole cha mguu mmoja, huku nimeshika chuma cha kilo 196. Kwenye lami iliyonyooka utasema mbona inawezekana. Sasa simama ghafla kwenye kichanga ng'ombe wakikatiza, mguu wako utafute ardhi na ardhi ipo chini zaidi upande huo. Inalala. Na ikilala upo peke yako saa nane mchana, unainyanyuaje kilo 196?

Halafu kuna jambo ambalo watu wa maduka ya pikipiki hawakwambii kwa sababu wao hawabebi boksi. Pikipiki ndefu ukishafunga mzigo nyuma, huwezi kuurusha mguu kupanda. Mguu unagonga boksi. Inabidi uukunje na kuupitisha mbele ya siti, na siti yenyewe ipo kiunoni. Kwa dada aliyevaa sketi hata sitaki kuongea. Kushuka ni hivyo hivyo, na sisi tunaopeleka mizigo tunapanda na kushuka mara kumi kwa siku. Nilijaribu kwenye ile KLR ikiwa imesimamishwa, na boksi la viatu limefungwa kwa mpira. Mgeni mwenyewe akacheka, akasema yeye hakuwahi kubeba kitu zaidi ya begi la mgongoni.

Ila nisiwe muongo, hizi pikipiki ndefu zina sababu yake huku kwetu. Ukitaka kujua, ingia na Boxer kwenye mbuga mvua ikiwa imenyesha. Ule udongo mweusi unanasa kwenye tairi, unajaa kwenye madigadi ya chini, mpaka tairi la mbele linagoma kuzunguka na unaanza kuchokonoa kwa kijiti. Madigadi ya XL au DT ipo juu, tope linapita. Tairi lake la mbele ni inchi 21, linapanda shimo ambalo tairi la inchi 17 la Boxer linaingia na kugonga. Shokapu zake ndefu, hata spika na taa za sola zinafika hazijapasuka. Kwa hiyo anayekwambia "chukua Boxer tu, zote pikipiki" naye hajamaliza. Kama njia zako ni za mbuga, umbo la pikipiki ndefu unalihitaji. Injini kubwa ndiyo hulihitaji, na hivi vitu viwili vinauzwa kando kando.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeanza ni pikipiki ndefu yenye injini ndogo, cc 125 mpaka 200. XL 125 iliyotumika, au XR 150L ya Honda, ambayo siti yake ipo sentimita 83 hivi na uzito wake kilo 130 hivi. DT 125 ni nzuri na nyepesi, ila injini yake ni ya mipigo miwili, inataka oil yake maalumu ya kuungua pamoja na petroli. Ukiisahau inakufa. Wale wa lami na vichochoro vya mjini tu, Boxer au TVS inawatosha kabisa, na ukikwama kila kona kuna spea.

Spea nayo iangalie kabla ya rangi. Nenda kwa fundi wako unayemwamini, mtajie jina la pikipiki unayotaka, umuulize klachi yake, cheni na tairi la nyuma vinapatikana wapi na kwa siku ngapi. Akikwambia Shinyanga mjini au Kahama, sawa. Akianza kusema "hiyo tunaagiza", hesabu wiki ambazo mizigo yako italala. Ile KLR inapozwa kwa maji, ina rejeta kama gari. Jiwe likiitoboa porini safari imeisha. Tena haina kiki, inawaka kwa stata peke yake. Betri ikifa Mwakitolyo unaisukuma kilo 196 mchangani. Boxer na XL zina kiki, unapiga unaondoka.

Kwenye makaratasi sitakaa sana, ila kuna mitego. Leseni daraja A1 mwisho wake ni pikipiki ya cc 125. Ikizidi hapo ni daraja A. Maana yake hata Boxer 150 imeshavuka, usije ukashangaa mbele ya trafiki. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, haikulipi wewe wala mzigo wa mteja. Ukinunua iliyotumika, linganisha namba ya injini na ya chesesi na zilizo kwenye kadi, zote mbili, kwa macho yako na tochi. Zile za miradi zinazouzwa mnadani zilikuwa na namba za DFP. Usitoe hela ya mwisho mpaka uhakikishe imehamishiwa namba za MC na umiliki unabadilishwa TRA kwa jina lako. Maneno ya "kadi nitakutumia" yaache kwenye simu.

Kujifunza ndiko kuna raha na ndiko watu wanaruka. Nilisoma chuo, halafu kila jioni nikaenda kwenye uwanja wa mpira wa shule. Wiki mbili bila mzigo: kuwasha, klachi, kusimama, kuzunguka namba nane taratibu mpaka mguu uache kutafuta ardhi. Baada ya hapo nikafunga mfuko wa mchanga kilo 10 kwenye keria, baadaye 20. Fanyeni hivi jamani. Pikipiki yenye mzigo nyuma sio ile uliyojifunzia, tairi la mbele linakuwa jepesi na breki inataka umbali zaidi. Mchanga ukimwagika hakuna mteja atakayekudai. Kwenye kichanga simama kidogo kwenye vikanyagio, macho mbele, usiguse breki ya mbele, acha usukani ucheze wenyewe. Siku ya kwanza utaona unakufa, wiki ya pili utaona kawaida. Helmeti ifungwe kidevuni, iliyotundikwa kwenye kioo haimsaidii mtu.

Na kubwa anunue nani? Kama wewe ni mrefu, una miaka yako miwili mitatu barabarani, na kweli kila wiki unatoka Kahama kwenda Geita mwenyewe kuchukua mzigo kwenye lami, pikipiki ya cc 250 au zaidi itakupumzisha, haitetemeki na inalipita lori haraka. Hapo sikuzuii. Ila bado ningeuliza habari ya spea.

Mimi siku ya nne nilimpigia yule mgeni nikamshukuru. Nikachukua XL 125 kwa mtumishi aliyestaafu, imechubuka kidogo tangini lakini injini haijafunguliwa. Fundi akaishusha siti kwa kupunguza sponji, zikatoka kama sentimita tatu, na akachomelea keria pana ya nondo. Hela iliyobaki ikaenda kwenye viatu na taa za sola. Mwezi wa sita nilikuwa naenda vijijini mara mbili kwa siku, asubuhi kabla jua halijawa kali na jioni watu wakirudi kutoka kuuza pamba, na viatu vya watoto viliisha kabla ya vyote.

Keria yenyewe ina vipimo vyake ili boksi lisigonge mgongo na mguu upite wakati wa kupanda. Nitaipiga picha na rula juu yake niiweke hapa wiki ijayo, umpelekee fundi wako wa kuchomelea.