Nyumba ya Watu Wanne Kando ya Mwezi

Fundi wa nyumba huuliza kwanza kiwanja kiko wapi. Wasanifu wa Gateway, kituo kilichopangwa na Shirika la Anga la Marekani, NASA, pamoja na wenzao wa Ulaya, Japani na Kanada, nao walianza na swali hilo hilo, na jibu lake ndilo lililotawala mengine yote.

Kiwanja walichochagua ni njia ndefu mno ya kuuzunguka Mwezi. Chombo kinachoifuata hutumia siku sita na nusu hivi kumaliza mzunguko mmoja, kikiukaribia Mwezi kwenye ncha yake ya kaskazini, kisha kikienda mbali hadi karibu kilomita 70,000 upande wa kusini. Humo hakihitaji mafuta mengi, na Dunia huonekana wakati wote, kwa hiyo mawasiliano hayakatiki. Mwaka 2022 chombo kidogo, CAPSTONE, chenye uzito wa kilo 25 hivi, kilirushwa kutoka New Zealand kwenda kuijaribu njia hiyo, nacho kikaifikia mwezi wa Novemba.

Lakini kiwanja hicho kiko mbali na hospitali. Mwanaanga akiugua katika Kituo cha Kimataifa, kilomita 400 hivi juu yetu, aweza kurudishwa kwa muda wa saa chache. Kutoka huko kwenye Mwezi ni safari ya siku kadhaa. Tena, usumaku wa Dunia unaotukinga na mionzi mingi ya angani haufiki huko, hivyo mkaaji hutegemea kuta na akiba iliyomzunguka.

Na kuta zenyewe zisingeweza kuwa nene. Chumba cha makazi kilichokabidhiwa Ulaya, I-Hab, kiliwekewa kikomo cha tani 10, kwa kuwa kilikusudiwa kupanda roketi moja na wanaanga wenyewe. Baada ya kupachika mitambo ya hewa, maji na umeme, nafasi ya watu ilibaki takriban mita 10 za ujazo. Chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu, chenye dari la kawaida, kina zaidi ya mara mbili ya nafasi hiyo! Mama aliyepika, akala na kulaza watoto katika chumba kimoja angekuwa na mengi ya kuwaambia wasanifu hao. Ni kweli kwamba palipangwa chumba kingine, HALO, na chombo cha safari, Orion, kingekuwa kimefungamanishwa hapo; hata hivyo watu wanne wangekaa wakigusana viwiko.

Gamba la HALO, lililoundwa Turin, Italia, lilifikishwa Arizona mwezi wa Aprili, 2025. Mwezi uliofuata serikali ya Marekani ilipendekeza mpango wote ufutwe. Mwezi wa Julai Bunge likautengea fedha.